Mafuta ya zeituni jikoni: uzoefu wangu Kisumu

Nimekuwa nikipikia mafuta ya zeituni ya daraja la juu, yale yanayoandikwa "extra virgin" kwenye chupa, na naona yanastahili bei yake iwapo mnunuzi anajua chakula kinachoyafaa.

Kwangu yamefaa zaidi kwenye mboga za kienyeji. Managu yakishachemka na kulainika, nayaepua, nayatilia chumvi na kijiko kimoja cha mafuta haya, kisha nayageuza na kuyapakua pamoja na ugali yangali moto. Hapo ndipo hunukia kama majani mabichi, na mlaji husikia mwasho mdogo kooni unaotokana na oleokanthali (kemikali ya asili iliyomo kwenye mafuta haya), ambao ni dalili ya ubora wala si kasoro. Isitoshe, mafuta huusaidia mwili kufyonza karotini na vitamini K zilizomo kwenye majani hayo. Kachumbari na ngege wa kuchoma pia hupendeza yakinyunyiziwa juu pamoja na ndimu.

Kuhusu lishe, kijiko kikubwa kimoja kina takriban kalori 120, sawa na mafuta mengine ya kupikia, kwa hivyo anayepunguza uzito hana budi kuyapima. Faida yake ni kwamba sehemu kubwa ni asidi ya oleiki (aina ya mafuta yasiyoganda kirahisi), ambayo ikichukua nafasi ya siagi au mafuta ya kuganda hupunguza kolesteroli mbaya katika damu.

Wapo wanaodai kwamba hayafai kutiwa motoni kabisa. Mimi huyakaangia vitunguu, nyanya na mayai kwa moto wa wastani bila tatizo, kwa kuwa huanza kutoa moshi yakifikia takriban nyuzi 190 za Selsiasi au zaidi. Kuyajaza kwenye karai ili kukaangia samaki mzima, hata hivyo, ni kupoteza pesa, kwani harufu yake huishia motoni na mafuta ya alizeti hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu.

Malalamiko yangu ni kuhusu uhifadhi. Duka moja liliniuzia chupa ya plastiki angavu iliyopangwa dirishani penye jua, na nilipoifungua ilinuka njugu zilizochacha. Mwanga, joto na hewa huyaharibu, kwa hivyo sasa huchagua chupa ndogo ya kioo cheusi, na huisoma lebo kwa makini, kwa sababu yaliyoandikwa "pomace" hutolewa kwenye machicha ya zeituni kwa kemikali, na yaliyoandikwa "light" yamepunguzwa ladha tu, si kalori.