Kabla Hujalipia Njia ya Kilimanjaro, Uliza Unateremkia Wapi

Kila masika yakikaribia kwisha mimi hupokea ujumbe wa watu wa Unguja na Pemba wanaotaka kuvuka Bara wakatembee safari ndefu ya siku nyingi, na kila ikifika Agosti na Septemba hupokea ujumbe wa waliorudi. Hawa waliorudi ndio walionifanya niandike. Mwalimu mmoja wa skuli kafika kileleni, kapiga picha na bendera, lakini siku kadhaa baadaye alikuwa bado anashuka ngazi za nyumbani kwake kinyumenyume, kashikilia ukuta. Mwengine kang'oka kucha za vidole gumba vya miguu. Mama mmoja mtu mzima wa Chake Chake, mwenye pumzi za kutosha na moyo wa chuma, alipanda vizuri kuliko vijana aliofuatana nao, kisha goti likamwacha njiani siku ya mwisho, msituni, na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wakamteremsha kwa machela ya gurudumu. Wote hao waliuziwa njia na watu waliowaeleza kila kitu kuhusu kupanda. Habari ya kuteremka haikutajwa hata na mmoja.

Kwa hiyo humu sitazungumzia mandhari, wala hema la nani zuri, wala mpishi gani anapika ndizi vizuri. Hayo utayasikia kwa kila muuzaji. Mimi nazipanga njia kwa kitu kimoja: zinakushusha vipi.

Mtu wa Unguja au Pemba ana sababu zaidi ya kulijali hili. Masingini, sehemu ya juu kabisa ya Unguja, haifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Pemba ina vilima vingi, na mchumaji karafuu ana miguu ambayo mtu wa mjini hana, lakini hata huko ukianza kushuka unamaliza kabla jasho halijakauka. Pumzi unaweza kuzijenga kwa kutembea ufukweni au kwa kuendesha baskeli. Paja la kuteremkia halijengwi hivyo. Unapopanda, msuli wa paja hujikunja na kukusukuma. Unaposhuka hurefuka huku umebeba uzito wako wote na kukuzuia usiporomoke, na kazi hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogo ndogo za msuli. Maumivu yake hayaji pale pale, huja kesho yake na keshokutwa. Paja likishachoka, kila hatua inagonga goti moja kwa moja.

Sasa piga hesabu na mimi. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Njia za Machame, Lemosho, Umbwe na ule Mzunguko wa Kaskazini zote hupandia mahali mbalimbali lakini huteremkia pamoja, kwa njia ya Mweka. Ukifuata ratiba ya kawaida, siku ya kilele unaamshwa usiku wa manane, unapanda mpaka alfajiri, halafu siku hiyo hiyo unashuka mpaka kambi ya Mweka iliyo kama mita 3,100. Hiyo ni karibu mita 2,800 za kushuka kwa miguu ambayo haijalala. Kesho yake kuna kilomita kama 10 za kufika lango la Mweka, lililo karibu na mita 1,640. Gawanya: kila kilomita inakushusha mita 140 hivi, tena ndani ya msitu wa mvua, juu ya mizizi na ngazi za magogo ambazo udongo wake umeliwa na maji. Kwa mwanamke mfupi ngazi moja ni kuruka. Ikiwa imenyesha, ni utelezi mtupu.

Njia za Marangu na Rongai huteremkia upande wa Marangu. Siku ya kilele unashuka mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720, yaani mita 2,175 tu, pungufu kwa mita 600 na zaidi. Kesho yake ni kilomita kama 20 mpaka lango la Marangu, lililo karibu na mita 1,860. Ni mwendo mrefu, nakubali, lakini kila kilomita inakushusha mita 90 na kitu, kwenye njia pana iliyotengenezwa. Goti linaijua tofauti hiyo hata kama kipeperushi cha muuzaji hakiitaji.

Njia yangu ni Rongai, na siifichi. Kila anayeniuliza namtajia hiyo kwanza, na akiniuliza ya pili namrudisha kwenye hiyo. Inaanzia Nalemuru, upande wa kaskazini wa mlima, wilaya ya Rombo, karibu na mpaka wa Kenya. Ndiyo njia inayotumika ya kupandia upande huo, na kwa kuwa unateremkia Marangu, unaingia mlima kwa upande mmoja na kutokea upande mwengine. Kwa mtu anayetaka kutembea njia nzima, mwanzo mpaka mwisho, bila kurudia nyayo zake za kupandia ila kile kipande cha kambi ya Kibo mpaka kileleni, hilo ni jambo kubwa. Upande wa kaskazini pia hupata mvua kidogo kuliko kusini, kwa hiyo anayelazimika kwenda wakati wa vuli ana nafuu. Upandaji wake ni wa taratibu. Chukua siku 7, ulale kambi ya Kikelewa, kisha kambi ya Mawenzi penye kile kiziwa kidogo chini ya majabali, mita 4,330 hivi, upumzike hapo siku nzima mwili uzoee, ndipo ukate lile tandiko, uwanda mpana ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, kuelekea kambi ya Kibo. Sijaona mahali pengine Tanzania panaponyamazisha watu kama pale tandikoni.

Kasoro ya Rongai ni usiku wa kilele. Kutoka kambi ya Kibo, mita 4,720, mpaka Gilman, ukingoni mwa kreta, ni mwinamo mkali wa changarawe, na wapo wanaokata tamaa hapo. Lakini changarawe hiyo hiyo wakati wa kushuka humeza kishindo cha mguu, ukiwa na fimbo mbili na ukiteremka kwa kisigino. Wauzaji wengi hawaipendi Rongai kwa kuwa gari inabidi izunguke mbali kutoka Moshi. Gharama hiyo ya gari ni ya kweli. Ila isiwe kisingizio cha kukuongezea mara tatu yake.

Ya pili naiweka Marangu, na najua waongozaji wengi watanikasirikia. Ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala badala ya mahema, na kwa ajili hiyo huuzwa kama njia rahisi, mara nyingi kwa siku 5. Siku 5 usizikubali, hata wakikupunguzia bei. Mwili wa mtu aliyeamka juzi usawa wa bahari haujazoea hewa nyepesi kwa muda huo, na hapo ndipo watu wengi wa Marangu wanaposhindwa. Siku 6, pamoja na siku moja ya ziada Horombo ya kupanda mpaka Mawe ya Pundamilia na kurudi, ndizo chache kabisa ninazoweza kumwambia mtu alipie. Kwa kuteremka iko sawa na Rongai. Inaanguka nafasi ya pili kwa sababu unapita njia ile ile ukienda na ukirudi.

Ya tatu ni Mzunguko wa Kaskazini. Kwa kuzoesha mwili haina mshindani: siku 8 au 9, inaanza pamoja na Lemosho upande wa magharibi kisha inauzunguka mlima kwa nyuma, na watu huko ni wachache. Lingekuwa suala la kupanda tu ningeiweka juu ya zote. Lakini mwishowe inakutupa Mweka kama nyengine. Ukiichagua, au ukichagua Lemosho ya siku 8 inayoifuata kwa karibu, dai kitu kimoja kiandikwe kwenye makubaliano: siku ya kilele mlale kambi ya Millennium, iliyo kama mita 3,800, si kambi ya Mweka. Utapunguza karibu mita 700 za siku ile ngumu. Kesho yake itarefuka, lakini utaianza ukiwa umelala. Kampuni nyingi hufuata kambi ya Mweka kwa mazoea tu, ili watu wawahi langoni. Muongozaji anayejali atakubali. Anayekwambia haiwezekani, mwache.

Machame naiweka mwisho. Siku 6 zinazouzwa sana ni chache mno, njia imejaa watu, na baada ya kupanda ngazi kwa ngazi na kukwea ule ukuta wa Barranco kwa mikono, miguu inafika Mweka imekwisha. Yule mama wa Chake Chake alipita huko huko. Umbwe ni mkali toka mwanzo na siipendekezi kwa yeyote anayetafuta ushauri wa kununua.

Wasio na fedha za Kilimanjaro wana Usambara, kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba na Rangwi mpaka Mtae. Ni rahisi kwa bei, unalala vijijini, miteremko ni ya wastani. Nzuri kwa kuanzia.

Wapo pia wanaoniuliza kuhusu zile njia za ughaibuni zinazotembewa kwa miezi. Appalachian ya Marekani ina urefu wa kilomita 3,500 hivi, kutoka Georgia mpaka Maine, na watu huchukua miezi 5 mpaka 7. Kwa viza ya matembezi kwa kawaida unaruhusiwa kukaa mpaka miezi 6, kwa hiyo anayetembea polepole anaweza kufukuzana na tarehe kuliko na milima. Milima yenyewe si mirefu sana, lakini kupanda kwake kukijumlishwa kote kunapita mita 140,000, na karibu zote hizo unazishuka tena. Anayetaka ya nje angeanza na Njia ya Likia kusini mwa Uturuki, zaidi ya kilomita 500 kando ya bahari, inayopita vijiji vyenye misikiti na maji ya kutilia udhu. Mawe yake ni makali kwa vifundo vya miguu. Bado kwa mtu wa hapa nasema Rongai kwanza.

Na asikwambie mtu kwamba mlima si wa watu wa pwani. Mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, aliyebaki akiwalindia kambi yao ya juu, zaidi ya mita 4,000, baridini, alikuwa Muini Amani, mtu wa Pangani.

Mazoezi ya kuteremka yanawezekana hapa hapa. Magorofa ya Michenzani, mjini Unguja, yana ngazi za kutosha. Panda kwa mwendo wako, hiyo haina maana sana, kisha shuka taratibu na begi lenye madumu mawili ya maji mgongoni, ngazi moja moja, bila kujirusha. Msuli ukishaumizwa kidogo kwa namna hiyo hujikinga kwa wiki kadhaa, kwa hiyo zoezi la mwisho lenye maumivu liwe wiki mbili hivi kabla ya safari. Kucha zikate fupi siku ya kuondoka. Kiatu kiwe kikubwa kidogo kiasi kidole kisiguse mbele unapoinama mtelemkoni, na kamba ukaze kwenye kifundo. Buti za mtumba za Darajani zimenisikitisha sana. Zinang'arishwa zikapendeza, lakini soli za ndani za povu zikikaa miaka, khasa kwenye unyevu kama wetu, huoza zenyewe hata kama buti haijavaliwa. Soli inaachia mlimani. Minya kisigino kwa kidole gumba kwa nguvu, na ikitoa vumbi au ikipasuka, rudisha. Mwenye duka anajua. Anamuuzia mtu anayekwenda kwenye theluji kitu anachojua kimekufa.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni bei za dola. Mwanamke wa Wete, ana kitambulisho cha Taifa, anaingia kwa wakala mmoja mjini na kupewa bei ya dola, ndani yake imo ada ya hifadhi ya mgeni. Mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa ada hiyo kwa shilingi, na iko chini mno ya ile ya mgeni. Ile tofauti inaingia mfukoni mwa nani? Anapouliza anaambiwa bei ni ya wote. Si kweli. Dai mchanganuo kwa shilingi, mstari kwa mstari: ada ya hifadhi, kambi au kibanda, uokoaji, gari, chakula, mishahara ya muongozaji, mpishi na wagumu. Ada za hifadhi hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, kwa hiyo risiti ipo, na jina lako liwe kwenye kibali kama raia. Mstari wa wagumu usome mara mbili. Mgumu haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, na bei ikishuka kupita kiasi ujue imekatwa kwake. Waulize kama wanashirikiana na KPAP ya Moshi, mradi unaofuatilia malipo ya wapagazi hawa.

Malipo ya awali usitoe mpaka uwe na karatasi yenye vitu vitatu: idadi ya siku, jina la kambi utakayolala usiku wa baada ya kilele, na jina la lango utakalotokea. Wakala mmoja alimjibu msomaji wangu kwamba mambo hayo huamuliwa huko huko mlimani. Msomaji huyo alichukua fedha zake, akapanda boti, akaenda Moshi kulipia safari ya Rongai kwa shilingi, na ameniletea ile karatasi niione: siku 7, Horombo, Marangu.