Agroveti ya Malindi yenye friji ya vijidudu: nyota nne

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya stoki na foleni, nitafika huko. Jina la duka silitaji nisije nikaambiwa nimelipwa, lakini ukiwa Malindi mjini upande wa soko uliza ile agroveti yenye friji ya soda isiyokuwa na soda, hata watu wa bodaboda watakuelekeza. Ndani ya friji ni pakiti za dawa peke yake, zimepangwa kwenye makopo ya aiskrimu yaliyoandikwa kwa kalamu nene: BT, TRIKO, KUNDE, POJO, na kipimajoto kimefungwa kwa uzi kwenye waya wa juu.

Sasa kwa nini nishangilie friji? Manake siku hizi kuanzia hapa mpaka Gongoni kila agroveti inakwambia ina dawa za kibayolojia, na ni kweli zimejaa, miaka ya nyuma ulikuwa huzioni kabisa ila kwa wakulima wa maua kule bara. Lakini kilichomo mle ni bakteria au kuvu, viumbe hai vimelala kwenye unga vinangojea maji, na joto la duka la mabati mwezi wa pili hapa kwetu wewe unalijua. Kuna duka jingine, tena si mbali, nilikuta pakiti za Trichoderma, ile dawa ya kuvu ya kukinga mizizi, zimepangwa dirishani zinapigwa na jua la asubuhi, karatasi imepauka mpaka tarehe ya mwisho ya matumizi haisomeki, na bei ni ile ile kamili. Nikamuuliza muuzaji, akanijibu "kaka hiyo ni dawa, haiozi." Basi. Watu wanaosema hizi dawa za vijidudu ni utapeli mimi siwalaumu hata kidogo, wengi wao waliuziwa maiti.

Huku kwenye duka la friji mambo ni mengine. Yule dada wa kaunta kabla hajakupa pakiti anakuuliza maswali mpaka unaweza kukasirika. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja wa Ganda anataka dawa ya viwavi wa mahindi, dada akamwuliza "baba, viwavi wenyewe wakubwa kiasi gani?" mzee akaonyesha kidole kizima, akaambiwa "basi baba hii haitakufaa, hao washakuwa wakubwa, pesa yako itapotea." Akamwonyesha kitu kingine. Muuzaji wa kukataa pesa, Malindi hii! Akishakuuzia anakusomea tarehe kwa sauti na kuiandika kwenye risiti, na anakwangua kidogo lebo kukuonyesha ile namba ya PCPB, ile bodi ya serikali ya kusajili dawa za wadudu. Dawa ya wadudu ambayo haina hiyo namba hapo haiuzwi, na wewe pia usiinunue popote.

Nianze na Bt ndo ninayoitumia zaidi, nina nyanya, bilinganya na mchicha Kakuyuni, na mahindi wakati wa masika. Bt ni bakteria, Bacillus thuringiensis, na wale wanaosema ati ni mambo mapya ya wazungu wanatuletea majaribio, huyu bakteria alipatikana Japani mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wanakufa, halafu 1911 Mjerumani mmoja akampata kwenye nondo wa unga, na Wafaransa walikuwa wanaiuza dukani 1938. Kwa hiyo ni kitu kizee kuliko baba zetu wengi. Kazi yake ni kwamba kiwavi lazima AILE. Haiui kwa kugusa. Akishaila, ile sumu ya bakteria inamtoboa utumbo, anaacha kula siku ile ile lakini hafi hapo hapo, anaweza kukaa siku mbili tatu amening'inia kwenye jani kama ngozi nyeusi iliyolegea. Hapa ndo watu wanapokata tamaa, wamezoea dawa kali ukipiga asubuhi mchana wadudu wameanguka chini, wakiona kiwavi bado yupo kesho yake wanapiga tena dawa nyingine juu. Usiangalie kiwavi, angalia jani, kama hakuna tundu jipya dawa imeshika.

Na upige jioni. Saa kumi na moja hivi, jua limeshapoa, manake mwanga wa jua unaiua haraka sana. Halafu kuna jambo la maji ambalo huku Pwani ni kubwa kuliko wanavyoliandika kwenye karatasi: visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji ni magumu, mengine yana chumvichumvi, na Bt haipendi maji yenye alkali nyingi. Dada wa kaunta alinishauri nitumie maji ya mvua niliyokinga, na anauza vile vijikaratasi vya kupimia maji, bei rahisi tu. Mimi naweka pipa moja chini ya paa kwa ajili ya pampu peke yake, watoto washajua hilo halichotwi.

Kilichonishika zaidi kwenye Bt ni kwamba haikufungi kuvuna. Mchicha nikiupiga jioni hii sina haja ya kuhesabu wiki mbili ndo nichume, na wale wanawake wanaochukua mboga shambani kwangu kupeleka sokoni hawawezi kungojea wiki mbili. Hata jikoni za hoteli za Wataliano siku hizi wanauliza, ulipiga nini, lini. Zamani walikuwa wanauliza bei tu. Tangu viwavijeshi wale wa Marekani walipoingia Kenya 2017 watu walikuwa wanamwaga sumu ya kila aina kwenye mahindi, wengine wanachanganya tatu kwenye pampu moja, wallahi nilikuwa naogopa hata kuchoma hindi bichi la jirani.

Trichoderma nitaipitia haraka. Ni kuvu anayekula kuvu wabaya, unamwagia kwenye kitalu na kwenye shimo la kupandikizia, kazi yake ni kuzuia miche isianguke na mizizi isioze. Mnyauko ukishaingia kwenye nyanya kubwa haiponyi, usidanganywe. Na usiichanganye na kopa, ile dawa ya shaba, wala dawa yoyote ya ukungu, utamuua huyo huyo uliyemnunua. Kwangu miche imesimama vizuri, sina la kulalamika.

Sasa Aflasafe. Hii ndo ilinifanya niandike. Hii haiwi kwenye friji, inakaa stoo kwenye mifuko, na si ya kupiga kwa pampu. Ukifungua ni mtama, mtama wa kawaida kabisa, ila umepakwa rangi ya buluu, watoto wangu walidhani ni shanga. Kwenye kila punje kuna kuvu wa Aspergillus flavus, na hapa mtu anashtuka, manake huyo Aspergillus ndo jamii ile ile inayotia sumukuvu kwenye mahindi, ile iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004. Lakini hao waliowekwa humu ni wa aina isiyoweza kutengeneza sumu, wamechaguliwa hapa hapa Kenya, na ukiwatawanya mapema wanakaa nafasi zote kabla wale wabaya hawajafika. Kama matatu yenye abiria wema imejaa tangu steji, mwizi anakosa pa kukaa. Ya Kenya inaitwa KE01 na inatengenezwa na KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo, pale Katumani, Machakos.

Unamwaga kilo 4 kwa ekari, kwa mkono tu, unatembea kati ya mistari, wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Udongo uwe na unyevu. Nilipiga magoti kuziangalia baada ya mvua, na punje za buluu zilikuwa zimeota manyoya ya kijivu yanayoelekea kijani, ukigusa yanabaki kwenye kidole kama poda. Hapo ujue imeamka. Ukimwaga kukiwa kukavu wakati wa kiangazi zinakaa tu, sisimizi wanabeba, na kuku ndo usiseme. Kuku wangu walijua siku ile ile! Ilibidi nifunge banda, na jirani nikamwomba naye afunge wake, tukaelewana ingawa kwa manung'uniko, ati tangu lini mtu anamwaga mtama chini halafu analalamikia kuku.

Kwa nini nasema Pwani tuichukulie kwa uzito: mahindi ya masika tunavuna wakati bado kuna manyunyu, hewa ya bahari ina unyevu mwaka mzima, na wengi tunaanika chini kwenye udongo. Sumukuvu haitoki kwa kupika wala kwa kukoboa peke yake, na kiwango cha sheria Kenya ni sehemu 10 tu kwa bilioni. Tena kumwaga Aflasafe hakukupi ruhusa ya kuanika ovyo, turubai bado unahitaji. Lakini ni kinga inayoanza shambani na inafuata mahindi mpaka stoo, na sijaona dawa nyingine dukani inayofanya hivyo.

Upande wa kunde na pojo wana Biofix, ile ya kampuni ya MEA ya Nakuru iliyotoka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Unachanganya na mbegu kivulini, unapanda siku ile ile, bakteria wanaingia kwenye mizizi na kutengeneza vinundu vya kuleta naitrojeni. Kila zao na pakiti yake, ya soya haifai maharagwe. Hapa nitasema ukweli wangu, kwa kunde sijaona tofauti kubwa. Kunde huku zimepandwa tangu enzi na udongo wenyewe una bakteria wa kuzipokea. Kabla hujanunua ng'oa mche mmoja wa kunde za msimu huu, pasua kinundu kwa ukucha, kikiwa na rangi ya waridi ndani wafanyakazi wako wapo tayari na huna haja ya kuongeza wengine. Kikiwa cheupe au hakuna vinundu, nunua. Dada wa kaunta nilipomwambia haya alicheka akasema na yeye huwaambia wateja hivyo hivyo. Bosi wake sijui kama anajua.

Kitu ambacho huko hukipati ni zile chupa za maji za lita moja zinazopitishwa na pikipiki, maji ya kahawia yananuka kama togwa iliyochacha, hayana lebo, muuzaji anasema ni "EM ya Japani" inatibu kila kitu kuanzia choo mpaka mnazi. EM ipo kweli, ni mchanganyiko wa vijidudu hai, aliianzisha Profesa Teruo Higa wa Okinawa, lakini ile ya kwenye pikipiki imechemshwa wapi na nani, mjuzi Mungu.

Malalamiko yangu sasa. Stoki inakwisha vibaya, Aflasafe hasa, wanaleta kidogo halafu mahindi yakikaribia kutoa mbelewele kila mtu anaitaka wiki moja, ukichelewa umekosa msimu. Pakiti ndogo ni chache, mwenye robo ekari analazimika kununua ya ekari nzima na ikishafunguliwa haikai. Bei ya Bt iko juu kidogo ya zile dawa kali za kawaida, mimi nilitoa mia sita na kitu. Foleni asubuhi ni ndefu kwa sababu ya hayo maswali, dada ni mmoja na ukipata wa mbele yako ana matatizo ya mbuzi, ng'ombe na minazi utakaa hapo. Umeme ukikatika wanahamishia pakiti kwenye kibokisi chenye chupa za barafu, nimeona kwa macho, hilo nawapa sifa.

Ukienda beba kitu cha kubebea, kitambaa kibichi ndani ya ndoo yenye kifuniko kinatosha mpaka Marafa, usiiache kwenye dashibodi ya gari. Nyumbani kama huna friji weka kando ya mtungi wa maji, kivulini. Ijumaa wanafunga mchana kwa swala na hawafungui haraka, na Aflasafe ya masika uwapigie simu mapema uwekewe, wanakubali nusu ya malipo kwa M-Pesa.