Magitaa manne chini ya boriti: tungo nne mpya zilizosikika Mji Mkongwe

Gitaa la klasiki ni ala ya sauti ndogo. Nyuzi zake za nailoni zina urefu wa milimita 650, na noti ikishapigwa huanza kufa papo hapo. Hakuna upinde wa kuivuta kama kwenye fidla, wala pumzi ya kuisukuma kama kwenye nai. Mtunzi akilisahau hilo, hata wapigaji wanne hodari hawamwokoi. Akilikumbuka, magitaa manne yanafanya mambo ambayo kundi zima la taarab haliyafanyi. Onyesho hili, lililopigwa ghorofa ya juu ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, lilionyesha yote mawili kwa usiku mmoja. Tungo zilikuwa nne, zote mpya, na zote zimeandikwa kwa kuagizwa na kundi lenyewe la wapigaji wanne. Mbili zinastahili kupigwa tena haraka iwezekanavyo. Moja inahitaji kurekebishwa mahali pamoja tu. Ya mwisho irudi kwa mtunzi.

Kuagiza tungo si mtindo mpya kwa ala hii. Andrés Segovia, mpiga gitaa wa Uhispania, aliikuta ina hazina ndogo ya kazi, akawaendea watunzi wa zama zake. Manuel Ponce wa Mexico alikuwa mpiga piano, na bado aliliandikia gitaa kazi nyingi, kwa sababu Segovia alikuwapo kumwambia vidole vinaweza nini na haviwezi nini. Julian Bream, mpiga gitaa wa Uingereza, naye alifika kwa mtunzi Benjamin Britten, akaandikiwa kazi mwaka 1963. Mpigaji na mtunzi hukaa pamoja kabla wino haujakauka. Katika tungo hizi nne ilisikika wazi ni ipi iliandikwa gitaa likiwa mkononi na ipi ilitoka kwenye karatasi tu.

Ukumbi kwanza, maana nusu ya kazi ilifanywa na ukumbi. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko, takriban mita tatu. Hapa vyumba viwili vimeunganishwa, viti sitini vikaenea. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa ni ngumu na zinarudisha sauti, lakini boriti za darini zinaivunjavunja kabla haijawa mwangwi. Gitaa linasikika na joto lake, na kila noti inabaki peke yake. Waliamua kutotumia maikrofoni hata moja, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Katika chumba cha ukubwa huu spika ingeleta sauti nne zinazotoka mahali pamoja, na sikio lisingejua nani amepiga nini.

Walifungua kwa utunzi uliojengwa juu ya kidumbak, ule muziki wa harusini wa Unguja wenye ngoma mbili ndogo. Hakuna aliyejaribu kuiga nyimbo za kidumbak. Mtunzi alichukua kazi za ala zenyewe akazigawa. Gitaa la nne lilikuwa sanduku, yaani besi ya uzi mmoja: uzi wa sita umeshushwa kutoka E hadi C, na kiganja kimelazwa karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa usoni mwa gitaa, ili sauti iwe fupi na nzito. La tatu lilipigwa kwa upande wa dole gumba juu ya nyuzi zote, jirani na daraja, zikatoka ngoma mbili, ya juu na ya chini. La pili lilikwaruza ukucha kwenye nyuzi za besi zilizozungushiwa waya, na hiyo ndiyo cherewa, ile manyanga. Mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, uligongwa kwa kifundo cha kidole ubavuni mwa gitaa. Ubavuni, si usoni: ubao wa uso una unene wa milimita mbili hivi, na vanishi yake hukwaruzika upesi. Gitaa la kwanza likabaki na wimbo, kama fidla ya harusini, lakini limeandikiwa noti fupifupi zenye kurukaruka, si sauti ndefu lisizoziweza.

Kasoro ilikuwa kwenye ile C ya chini. Uzi wa kawaida ukishushwa kiasi hicho hulegea, na ukipigwa kwa nguvu hugonga freti, vile vyuma vya shingoni, na kutoa mlio wa bati. Ilitokea mara tatu au nne, kila mara mpigaji alipotaka kuongeza nguvu. Dawa yake ni kufunga uzi mzito zaidi mahali pa ule wa sita, siku mbili tatu kabla, ili ushike. Kosa jingine ni la ukaaji. Mwenye sanduku aliwekwa mwisho wa nusu duara, ubavuni mwa dirisha lililo wazi, na nusu ya besi yake ikaenda kichochoroni. Angeingizwa nafasi ya pili kutoka ndani, kazi hii isingekuwa na doa.

Ya pili ndiyo iliyobeba usiku, na ndiyo ngumu kuliko zote. Imesimama juu ya Rast, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Wasikilizaji wa Unguja hawahitaji kufundishwa robo toni, zile sauti zinazoangukia katikati ya freti mbili. Masikio ya mji huu yamekuwa nayo walau tangu Ikhwani Safaa, kundi kongwe la taarab la hapa, lilipoanza, 1905. Anayehitaji msaada ni gitaa. Udi hauna freti, kidole kinasimama popote. Kanuni ina vijiti vidogo vya kupandisha na kushusha kila uzi. Gitaa lina freti zilizopigiliwa kila nusu toni, na Rast inayoanzia C inataka E na B ambazo si za kawaida na si bemoli (zilizoshushwa nusu toni), bali zinakaa katikati. Wengi hutatua tatizo hili kwa kuvuta uzi kwa kidole. Kuvuta kunapandisha sauti tu, hakuishushi, na hakuna vidole viwili vinavyovuta sawasawa.

Mtunzi wa kazi hii alipita njia safi zaidi. Gitaa la kwanza na la tatu hubaki kwenye A ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. La pili na la nne hushushwa nyuzi zote sita kwa robo toni: kwenye kipimo cha kutyuni unaweka A kwenye 427 au 428, kisha unatyuni kama siku zote. Kuanzia hapo E ya gitaa la pili ndiyo E ya Rast, bila ya kidole kufanya lolote la ziada. Wimbo ukagawanywa: gitaa la kwanza linatoa C na D, la pili linatia E, la kwanza linaendelea na F, G na A, la pili linatia B. Ni wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, mchi huu ukishuka ule unapanda, na aliye nje ya ua husikia mtwango mmoja.

Ugumu uko kwenye kiungo. Ikiwa mmoja anapiga karibu na tundu, ambako sauti ni nene, na mwenzake karibu na daraja, ambako ni kali, basi kila E inasikika kama mgeni aliyeingia bila hodi. Ndivyo ilivyokuwa katika dakika ya kwanza. Kisha mpigaji wa pili alisogeza mkono wake kuelekea tundu, na toka hapo viungo vikapotea. Kingine ni mabaki ya sauti. Kwenye udi kidole kinachohama kinaizima noti ya nyuma. Hapa D inabaki inalia kwenye gitaa moja wakati E imeshaingia kwenye jingine, na wimbo unageuka ukungu. Mtunzi alikuwa ameliona hilo, akaandika mapumziko mafupi baada ya karibu kila noti, na wapigaji wakayaheshimu kwa kuzima nyuzi kwa dole gumba la kulia. Kazi ya namna hii haionekani kwa macho, na ndiyo iliyofanya taksimu ya katikati, ile sehemu huru isiyofuata mapigo, isikike kana kwamba inatoka kwenye ala moja kubwa. Hapo ukumbi ulinyamaza kikwelikweli.

Lakini ili kufika huko wasikilizaji walikaa dakika kumi na moja wakitazama magitaa mawili yakityuniwa. Nailoni ikilegezwa hairidhiki. Hujikunja polepole, na sauti iliyoshushwa hupanda yenyewe. Kwa hiyo walityuni, wakajaribu, ikawa imepanda, wakatyuni tena. Njia bora ni kuushusha uzi kupita kiwango kinachotakiwa, kuuvuta kidogo kwa mkono, kisha kuupandisha hadi mahali pake, na kuuacha ukae. Bora zaidi ni kuiweka kazi hii mara baada ya mapumziko, magitaa yakishushwa mwanzoni mwa mapumziko hayo. Na bora kuliko yote ni kuazima magitaa mawili mengine kwa kazi hii peke yake, yaliyoshushwa tangu jana yake.

Hali ya hewa nayo iliwaongezea kazi. Gitaa linapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hewa ya bahari yetu hupita hapo kwa mbali karibu mwaka mzima. Ala ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi na kufunguliwa palepale ukumbini, mbao hunywa unyevu, uso huvimba, nyuzi huinuka juu ya freti na tyuni hukimbia. Makasha yalifunguliwa wasikilizaji wakiwa wameshakaa. Yangefunguliwa saa nzima kabla, palepale yatakapopigiwa, nusu ya zile dakika kumi na moja isingekuwapo. Chumvi nayo haiachi kitu: nyuzi za besi, zilizozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha, huku hupoteza mng'ao na sauti mapema mno. Kwa onyesho, zifungwe mpya.

Baada ya mapumziko ilikuja kazi fupi, kama dakika sita, ya maji kupwa. Karibu yote ni hamoniki: kidole kinagusa uzi bila ya kuubana, juu ya freti ya 12, ya 7 au ya 5, na sauti inatoka nyembamba kama glasi. Waliomba feni zizimwe, na kazi hii haiwezekani vinginevyo, kwani feni tatu za darini ni kelele kubwa kuliko hamoniki nne. Mahali pa kurekebisha ni mwishoni. Gitaa la tatu linagusa uzi wa A juu ya freti ya 4 na kutoa C dayazi (C iliyopandishwa nusu toni), huku la kwanza likibana C dayazi hiyohiyo kwenye freti ya 9 ya uzi wa kwanza. Hazilingani, na wala si kosa la mpigaji. Hamoniki ile huzaliwa kwa kuugawa uzi mara tano, kwa hiyo ni hezi 550 kamili, wakati freti imewekwa kwenye 554 na kitu. Zikikutana zinatikisika zaidi ya mara nne kwa sekunde. Katikati ya kazi mtikisiko huo ni mzuri, ni maji yanayocheza kwenye nguzo za gati. Kwenye sauti ya mwisho, inayotakiwa kutulia, unasikika kama ala iliyopotea tyuni. Noti ile ya kubana iondolewe tu, hamoniki ibaki peke yake.

Kazi ya nne ina wimbo mzuri. Lazima hilo lisemwe, kwa kuwa ubaya wake hauko kwenye wimbo. Ni wimbo mrefu wa pole, wa kupigwa na fidla, na umepewa ala isiyoweza kushikilia sauti. Mtunzi akaziba pengo kwa kutetemesha: dole gumba, kisha kidole cha pete, cha kati, cha shahada, tena na tena. Kwa kasi mbinu hii hutoa uzi mmoja wa sauti usiokatika. Kwa mwendo wa pole kama huu kila pigo husikika peke yake, na wimbo ukawa matone juu ya bati. Chini yake magitaa matatu yanapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) zilezile za katikati, palepale wimbo unapopita, yanaufunika. Dakika kumi na nne ni nyingi. Zikibaki tisa, msindikizaji akabaki mmoja, na wimbo ukahamishiwa uzi wa pili juu kwenye shingo, ambako sauti ni nene, kazi hii itapona. Wapigaji hawakuwa na la kufanya zaidi ya walilolifanya.

Kuhusu huduma: tangazo lilisema saa 2:30 usiku, baada ya isha, na kweli waliketi saa 2:40. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiswahili, fupi, na ilieleza Rast kwa mistari mitatu inayoeleweka. Ngazi za nyumba ni kali na hazina taa ya kutosha, kwa hiyo anayemleta mzee amshike mkono. Waliochelewa waliruhusiwa kuingia katikati ya kazi, na mlango uko hatua nne kutoka kwa mpigaji wa kwanza, hilo likomeshwe. Karatasi za noti zilipeperuka mara mbili chini ya feni. Vibanio vya nguo viwili kwa kila stendi vinatosha.

Atakayewafuata wakipiga tena akae safu ya pili au ya tatu, katikati, mbali na madirisha ya kichochoroni ambako vespa hazikomi. Na achukue upepeo wa ukili, kwa ajili ya zile dakika sita ambazo feni huzimwa: ukipepewa taratibu hautoi sauti yoyote.