Waya wa kamera au kisoma kadi kwa kompyuta kuukuu?

Mwenye kompyuta ya Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001, hurejewa na suala hili kila baada ya harusi: picha azitoe kwenye kamera kwa waya au kwa kisoma kadi, yaani kifaa cha kuchomekea kadi ya kumbukumbu ya kamera?

Kwa gharama waya hushinda, kwani mara nyingi huja pamoja na kamera. Lakini ukipotea, kupata wenye kichwa kinachoingia kamera ya zamani ni kuzunguka maduka ya Darajani, Unguja, mpaka alasiri.

Uhakika ndio penye mvutano. Visoma kadi vya zamani, hasa vilivyomo ndani ya kompyuta yenyewe, mara nyingi havitambui kadi za SDHC, yaani za zaidi ya GB 2 hadi GB 32, na kadi za SDXC, zile kubwa zaidi ya hizo, hutumia exFAT, yaani namna ya kupanga mafaili kwenye kadi, ambayo XP haiisomi bila ya nyongeza. Kwa waya, kamera ikiwekwa katika PTP, yaani utaratibu wa kuikabidhi kompyuta picha, yenyewe ndiyo inayosoma kadi, na kompyuta hupokea picha tu. Kwangu mimi hoja hii ni nzito.

Hata hivyo, tundu la USB 1.1, toleo la zamani, hupitisha megabiti 12 kwa sekunde, hivyo GB 1 huchukua zaidi ya dakika 11, na muda wote huo betri ya kamera inaliwa.

Kwa matunzo, hewa ya chumvi haichagui; pini za kisoma kadi changu zimeshaota kutu ya kijani.

Mpiga picha wa harusi mwenye kadi mbili atafaidika na kisoma kadi kipya, kwani kamera hubaki huru kazini. Mwenye picha chache za watoto, waya unamtosha.