Tahadhari: seti za taa za kujiundia zenye risista zisizo zake

Wakuu, kama unapanga kumnunulia mtoto ile seti ya nyota yenye taa tatu nyekundu za LED ajifunzie kulehemu, soma hapa kwanza. Jina la duka la mtandaoni lililoniuzia silitaji, maana halitakusaidia: picha zile zile nimeshaziona kwenye duka lenye jina jingine. Ukimkimbia huyu unaangukia kwa pacha wake.

Seti yenyewe haina makuu. Kibao, swichi, kishikio cha betri ya volti 9, taa tatu na risista tatu (vijipande vya kuzuia umeme usizidi), kila taa na yake. Aliyelehemu ni mpwa wangu wa miaka 11, mimi kazi yangu ilikuwa kushika kibao. Mguu mrefu chanya, mfupi hasi, kama karatasi ya maelekezo inavyosema. Akamaliza taa ya kwanza, tukaijaribu. Ikawaka kwa ukali wa ajabu, wekundu ukawa kama rangi ya chungwa, sekunde mbili tu, kimya. Ya pili vivyo hivyo.

"Mjomba, nimeharibu?"

Hakuharibu. LED ukiigeuza miguu haiwaki kabisa. Hizi ziliwaka kwanza ndipo zikafa, kwa hiyo zilipewa umeme uliozidi. Nikaichukua risista ya tatu nikaisogeza dirishani nisome mistari yake ya rangi, ndiyo inayotaja kipimo chake: njano, zambarau, nyeusi. Karatasi inataka njano, zambarau, kahawia. Tofauti ni mstari mmoja mwembamba kama uzi, lakini wa kahawia ni omu 470 na mweusi ni omu 47, yaani inazuia umeme mara kumi kidogo zaidi. Nikaipima kwa mita, ni 47 kweli.

LED nyekundu hula kama volti 2, kwenye betri ya 9 zinabaki 7. Ukipitisha kwenye omu 470 unapata miliampia 15 hivi, na LED nyingi ndogo kikomo chake ni 20. Kwenye omu 47 inakuja karibu 150. Hapo hata fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini angeunguza.

Kukosea kufungasha kupo, sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni majibu. Nilimtumia muuzaji picha ya risista kando ya karatasi yake mwenyewe, akanijibu kwamba mtoto ameziunguza kwa pasi ya kulehemu. Nikamuuliza, pasi inabadilisha rangi ya mstari? Akahamia lugha ya upole: nitoke kwenye programu ya duka, tuongee pembeni, nilipie kwanza "ada ya uhakiki" ndipo aniletee seti mpya. Nilipokataa akanifungia.

Ukiombwa kuhamia pembeni usihame, malalamiko yabaki mle mle ulikolipia. Na kwa aliyekwisha kuinunua: usiunganishe betri kabla ya kuangalia mstari wa tatu, na uangalie mchana, kwa taa ya chumbani kahawia na nyeusi zinafanana sana. Piga picha kila kitu kabla hujalehemu. Baada ya hapo lawama zote ni zako, huyu bwana anaijua vizuri hesabu hiyo, ndiyo maana anawauzia wanaoanza.

Taa ya tatu tumeifunga kwa risista ya omu 470 niliyoing'oa kwenye redio mbovu. Mpwa wangu ameilehemu mwenyewe, na inawaka mpaka sasa.