Fenix PD36R bandani: tochi ya laki mbili na nusu inakaa?

Tochi ninayoizungumzia ni Fenix PD36R ya toleo la kwanza, lile lililotoka mwaka 2019. Ng'ambo iliuzwa kwa dola 100 hivi za Marekani, yaani takriban shilingi laki mbili na nusu za Tanzania kabla hujaweka gharama ya kuisafirisha. Kwa fedha hiyo, huku kwetu Lushoto, mtu anabeba tochi za kawaida kumi na tano na chenji inabaki. Jirani yangu, mzee ambaye tunapeleka maziwa pamoja kila asubuhi, aliponiona nayo aliigeuzageuza mkononi, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hii inakaa?" Alikuwa na maana zote mbili, kukaa kwa chaji na kukaa kwa tochi yenyewe, na kwa kweli sijasikia swali zuri zaidi la kumuuliza muuzaji yeyote wa tochi.

Nieleze kwanza kilichonifikisha kwenye matumizi haya. Mwaka juzi mtamba wangu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Ndama anayekuja vizuri hutanguliza kwato mbili za mbele, na pua ikiwa juu yake. Mimi niliona ukwato mmoja na pua, maana yake mguu wa pili ulikuwa umekunjika nyuma, ndani. Hapo inabidi uingize mkono, usukume kichwa cha ndama kirudi kidogo, uutafute mguu na kuukunjua polepole huku kiganja chako kimeufunika ukwato usije ukachana kizazi. Tochi niliyokuwa nayo ilifanya kazi kama dakika arobaini, ikafifia, ikabaki nukta ya mwanga, ikazima. Mke wangu alimulika kwa simu, nayo chaji yake ilikuwa ukingoni. Ndama alitoka amekufa. Siwezi kusema kwamba tochi peke yake ndiyo iliyomuua, lakini dakika tulizopapasa gizani ninazikumbuka moja moja.

Kesho yake niliifungua ile tochi. Ndani mlikuwa na betri ya ukubwa wa 18650 iliyoandikwa kwa herufi kubwa "9900 mAh", mAh ikiwa ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. Naomba msomaji ashike jambo hili hata kama hatanunua tochi yoyote: betri halali ya ukubwa huo, ile bora kabisa, huishia kwenye mAh 3500 hivi, kwa hiyo yeyote anayeandika 9900 anakudanganya waziwazi kabla hujalipa. Tochi za plastiki zenye meno mawili ya kuchomeka ukutani nazo zina ugonjwa wake, kwa kuwa nyingi hutumia betri ndogo ya risasi na tindikali, na ukiiacha wiki kadhaa bila chaji, chumvi huganda juu ya bamba zake na haiamki tena.

PD36R hutumia betri moja ya ukubwa wa 21700, yaani milimita 21 kwa kipenyo na 70 kwa urefu, yenye mAh 5000, na huchajiwa ikiwa ndani ya tochi kwa waya wa USB-C, ule ule wa simu nyingi za sasa. Taa ndogo ya kwenye kitufe cha ubavuni hukuonyesha hali ya chaji: kijani ikiwa imejaa vya kutosha, nyekundu ikiwa imeshuka chini ya nusu, na nyekundu ya kumetameta inapokaribia kwisha. Kwangu mimi, taa hii ndogo ina thamani kuliko mwanga wote wa tochi, kwa sababu sasa naingia bandani nikijua nina nini mkononi. Kitufe cha kuwashia kiko mkiani, cha kubadilisha mwanga kiko ubavuni, kwa hiyo hata kwa vidole vilivyolowa huvichanganyi. Halafu inakumbuka mwanga uliotumia mara ya mwisho, haikupigi macho kwa mwanga mkali usioutarajia.

Viwango vyake vya mwanga ni vitano, kwa lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye tochi: 30, 150, 350, 800 na 1600. Sanduku hutangaza 1600, na ndicho kiwango ninachokitumia kwa nadra kuliko vyote. Mwanga huo mkubwa umeundwa kwa ajili ya muda mfupi; joto la kichwa cha tochi likipanda, hujipunguza yenyewe ili isijiunguze, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwa chombo cha alumini chenye urefu wa sentimita 13 na kitu. Jicho nalo halihesabu kama mashine, kwani lumeni 1600 hazionekani kuwa mara mbili ya 800, wakati betri inazilipia kwa ukamilifu. Kazi ya banda nzima naifanya kwa 150. Kwa lumeni 30 kiwanda kinaahidi saa 115, na kiwango hicho kinatosha kabisa kwenda chooni au kutafuta kamba iliyoanguka kwenye majani.

Kuna pia umbali wa mita 283 uliotangazwa, ambao huwapoteza wanunuzi wengi. Kipimo cha FL1, kanuni ya Kimarekani iliyotolewa mwaka 2009 na kufuatwa na watengenezaji wengi, huhesabu umbali hadi pale mwanga unaposhuka kufikia laksi 0.25 (laksi hupima mwanga unaofika pale unapomulika), kadiri ya mbalamwezi ya mwezi mpevu usiku usio na mawingu. Kwa hiyo mita 283 ni mahali ambapo utaona kwamba kuna kitu, si mahali utakapotambua kama ni mbwa wa jirani au ni fisi. Gawa kwa mbili, na pengine kwa tatu. Nilipojaribu kutoka ukingo wa shamba langu la majani hadi mti wa mparachichi ulio kama mita 100, niliweza kuhesabu matawi. Ng'ambo ya bonde niliona weupe wa ukuta tu.

Milima ya Usambara ina ukungu, na kwenye ukungu mwanga mkubwa hukurudia usoni kama ukuta mweupe. Hapo shusha hadi 150, uishike tochi chini usawa wa paja, nawe utaiona njia. Rangi ya mwanga wake ni nyeupe ya ubaridi, kama ilivyo kwa tochi nyingi za nguvu, na anayetaka kuchunguza mabonge kwenye maziwa au rangi ya ufizi wa mnyama atafaidika zaidi na taa yenye mwanga wa joto, yaani wa kuelekea manjano.

Mwezi wa nne ng'ombe yule yule alizaa tena. Nilifunga kamba ya tochi, inayokuja nayo sandukuni, kwenye mti wa juu wa banda. Kwa kuwa kamba hufungwa mkiani, kichwa huning'inia kikitazama chini, na mwanga ulimwagika mgongoni na nyuma ya ng'ombe huku mikono yangu yote miwili iko huru. Kwato mbili, pua, kisha jike zima. Tochi iliwaka hadi alfajiri, na ile taa ndogo ya chaji ilikuwa bado kijani.

Kwa hesabu ya fedha tupu, hata hivyo, hailipi. Katika miaka mitatu nilinunua tochi sita za bei ya chini, na zote pamoja hazikufika laki moja. Anayehitaji mwanga wa kumvusha umeme unapokatika jioni asinunue hii. Taa ya sola ya mezani itaiangazia familia yote kwa sehemu ndogo ya bei. Anayetoka usiku kwa kazi, awe mfugaji, mlinzi wa shamba au mkunga wa kijijini, namshauri ajikusanye ainunue, na akipata nafasi aongeze betri moja ya akiba, kwa sababu betri ndiyo itakayozeeka kwanza na hapa inabadilishwa bila kuitupa tochi.

Dhamana yake ya miaka mitano ni nzuri, ila kwa aliyeletewa na ndugu kutoka nje, kama mimi, kuirudisha kwa muuzaji ni safari ndefu. Kabla ya kulipa, fungua mkia, toa betri, soma maandishi yake, washa viwango vyote vitano, na hakikisha kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kinakaa sawasawa, kwa maana huko ndiko maji na mavi ya ng'ombe yatakakopita.