"Inchi ni inchi": uzoefu wangu na fundi wa fimbo za gofu hapa Lubumbashi

Nilimwuliza fundi kwa adabu kwa nini shafti (ule mti wa fimbo) ya draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, ameikata upande wa ncha na si upande wa mkono. Hakuinua hata uso. "Papa, inchi ni inchi. Ulileta fimbo ao ulileta maswali?"

Basi majibu ayapate hapa, kwa sababu pale atelie hakunipa nafasi.

Shafti ya kaboni si bomba la maji. Upande wa mkono ina upana wa karibu milimita 15. Upande wa ncha, ule unaoingia kwenye shingo ya kichwa, ni milimita 8.5 tu. Kati ya hapo na hapo kila kitu kinabadilika: upana, unene wa ukuta, jinsi nyuzi zilivyolazwa. Ukitoa inchi moja upande wa mkono, fimbo inakuwa fupi na tabia yake inabaki karibu ileile. Ukitoa inchi hiyohiyo nchani, umetupa kile kipande chembamba kinachopinda na kusaidia kuinua mpira. Kilichobaki ni kigumu zaidi, na hakuna dawa, kwa sababu fimbo unaweza kuiunga upande wa mkono ikarefuka, lakini ncha iliyokatwa hairudi. Shafti nyingi za draiva hazitakiwi kuguswa nchani kabisa. Fimbo zinazoitwa mbao, namba tatu na tano, ndizo zinazokatwa kidogo huko, na hata hapo unafuata maelekezo ya kiwanda.

Na kinachouma ni kwamba ukipima kwa utepe wa kupimia, kazi ni safi. Nilitaka inchi 45, nikapewa inchi 45. Mtu asiyejua angelipa na kwenda zake akishukuru.

Dalili ziko mbili. Ya kwanza ni maandishi ya shafti: yanakaa karibu na kichwa kuliko yalivyopaswa. Ya pili unaisikia mkononi, gripu, yaani kishikio, inajaa kiganja kuliko kawaida, kwa sababu ile sehemu pana ya juu haikuguswa. Ushahidi mkubwa kuliko hiyo miwili ni kipande kilichokatwa. Kikiwa chembamba kama penseli, umeshaibiwa ncha. Kidai kabla hujatoa pesa. Mimi nilikidai nikaambiwa kimetupwa, na pipa lilikuwa palepale mguuni pake, jeupe, halina kitu.

Sasa mpira. Kwa mtu wa mwendo wa kawaida, kichwa cha fimbo kikipita kwa kilomita 145 kwa saa hivi, mpira unatakiwa uondoke kwenye tii, kile kijiti unachowekwa juu yake, kwa digrii 13 hadi 15, na mzunguko wa nyuma wa karibu 2,500 kwa dakika. Draiva yangu sasa inautoa chini, kama jiwe la manati, na ukichelewa kidogo uso wa fimbo unabaki wazi, mpira unakwenda kulia kwenye miti. Hilo lingekuwa baya popote. Hapa Lubumbashi ni baya mara mbili. Tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi inatuongezea umbali, asilimia 4 au 5 ukilinganisha na mchezaji wa pwani, lakini hewa hiyohiyo inashika mpira kidogo, haiubebi juu vizuri. Kwa hiyo huku kwetu mpira unahitaji kuondoka juu zaidi kidogo, si chini. Fundi anayefanya kazi katika mji huu angepaswa kulijua hilo kabla ya kushika msumeno.

Halafu, na hapa ndipo hasira yangu inapata kigugumizi, kiangazi kilichopita ile draiva ilikuwa inapiga mbali. Mbali kweli. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa ardhi yetu nyekundu inakauka kama matofali, na mpira wa chini ukigusa uwanja unakimbia bila breki. Makedi, wabeba fimbo wetu, walikuwa wanashangaa. Kipindi hicho ungeniuliza, ningekuambia fundi ana ulimi mchafu lakini mkono mzuri, nenda. Kisha mvua zikaja. Nyasi zikanenepa, udongo ukalowa, mpira ukianguka unazama palepale. Msimu wa mvua umbali wote ni wa hewani, na hewani fimbo yangu haina kitu. Kwa hiyo ile sifa ya kiangazi ilikuwa ya ardhi, si yake. Naifuta.

Haki yake nimpe, lakini. Kole, gundi inayoshika kichwa, amefanya vizuri. Ile ya sehemu mbili, amechanganya nusu kwa nusu, akaisugua ncha kwa msasa mpaka rangi ikatoka, kichwa akakiacha saa 24 bila kukigusa. Wengi wanakurudishia fimbo jioni ileile, na kichwa kinaruka kabla ya shimo la tisa. Shafti pia aliizungushia utepe kabla ya kukata, nyuzi hazikuchanika. Yaani anajua kukata. Hajui wapi.

Na gripu zake sina neno. Utepe wa gundi haujikunji, mstari umenyooka, kimo kimoja fimbo zote.

Kwa wanaotaka mita za ziada bila kumpelekea mtu pesa: paka uso wa draiva poda ya mtoto, piga, uangalie alama. Ikiwa kisiginoni, yaani upande wa karibu na shafti, mpira unapoteza nguvu na kukunja kulia. Ikiwa chini ya katikati, unazunguka kupita kiasi na kupanda bila kwenda mbele. Unataka alama iwe katikati, au juu yake kidogo. Kisha tii: nusu ya mpira ionekane juu ya mgongo wa draiva, mpira ukae sambamba na kisigino cha mguu wa kushoto kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, bega la kulia lishuke kidogo ili fimbo iupige ikiwa inapanda. Wengi hapa wanachomeka tii chini kwa kuogopa kuupiga mpira kwa chini, wanaushambulia kama wanachimba muhogo, kisha wanakimbilia shafti mpya. Kichwa kikubwa cha sentimita za ujazo 460 hakikutengenezwa kupiga kikishuka.

Lakini hayo yote hayarudishi ncha yangu. Nilirudi tena kwake, safari hii na shafti ya rafiki ya aina ileile ambayo haijaguswa, nikaziweka mbili mezani, maandishi kwa maandishi. Aliona. Najua aliona, alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia shafti mpya anaweza kuiagiza, ipitie Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na akataja bei kwa dola, bei kamili, kana kwamba ile ya kwanza ililiwa na panya. "Kazi ililipwa, kazi ilifanyika," ndiyo yalikuwa maneno yake. Samahani haikutoka. Ingetoka, nadhani ningelipa nusu na leo nisingeandika chochote.

Nyota mbili. Hapana, moja na nusu, na hiyo nusu ni ya gripu. Gripu nitampelekea hata wiki ijayo, msinishangae, katika mji huu sijaona anayemzidi. Shafti, mpelekee tu ukiwa umechora mstari mwekundu upande wa mkono, umeandika "KATA HAPA", na umesimama pale mpaka msumeno ufike upande wa pili.